Godauni na kompyuta: Ya kujua kabla ya kununua programu ya ghala



Ukipita Shimanzi, Changamwe au Miritini siku hizi, utawaona vijana wameshika kifaa mfano wa simu nene, wakielekeza mwanga mwekundu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mzigo. Kifaa kinalia, mzigo unapita. Wapagazi wa zamani wanatazama kwa wasiwasi, wakijiuliza kama kazi yao imefika mwisho. Wenye maghala nao wana swali lao: programu hizi ni ghali, zina faida gani kushinda daftari na karani mwaminifu?

Makala haya yanajaribu kujibu yote mawili. Ninavyoona mimi, programu ya ghala ni shahidi anayeandika. Ukimpa ukweli, atamlinda tajiri na atamlinda kibarua pia. Ukimpa uongo siku ya kwanza, atatoa ushahidi wa uongo kila siku, tena kwa uhakika kuliko karani yeyote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi Waislamu twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kwa hivyo kuandika mali si jambo geni lililoletwa na kompyuta. Kilichobadilika ni daftari.

Programu yenyewe inafanya nini?

Kampuni kubwa hutumia programu moja inayounganisha idara zote: uhasibu, ununuzi, mauzo, mishahara na ghala. Mashuhuri ni SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na watu watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM, na Oracle ya Marekani. Faida ya kuunganisha ni kwamba mzigo ukipokewa ghalani Mombasa, mhasibu aliye Nairobi anaona papo hapo deni la aliyeuleta, na muuzaji anaona bidhaa ipo. Hakuna karatasi ya kusubiri iletwe na dereva.

Ndani ya programu hiyo mna sehemu ya ghala. Njia rahisi ya kuielewa ni kuufuata mzigo mmoja, na mzigo tunaoujua Mombasa ni chai.

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kenya na ya majirani zetu kama Uganda, Rwanda na Burundi hukaa kwenye maghala yetu ikingojea kuuzwa. Lori likifika kutoka kiwandani, karani analinganisha hati na mzigo: jina la kiwanda, namba ya ankara, daraja ya chai kama BP1 au PF1, idadi ya magunia na uzito. Yakikubaliana, kila paleti inabandikwa msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe. Msimbo huu una umri kuliko wengi wetu. Bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine ya dukani ilikuwa pakiti ya chingamu, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Juni 1974.

Baada ya kupokea ni kupanga. Kila nafasi ghalani hupewa anwani kama nyumba mtaani: safu B, rafu ya 7, ngazi ya 3. Programu inamwambia dereva wa foklifti apeleke paleti wapi, naye anapiga msimbo wa paleti kisha msimbo wa rafu kuthibitisha. Chai hunyonya unyevu na harufu, kwa hivyo programu inaweza kuelekezwa isiipangie chai nafasi jirani na sabuni au viungo. Karani mzoefu anayajua haya kichwani. Tatizo ni siku ambayo karani huyo ni mgonjwa.

Kisha madalali wanachukua sampuli, na kiasi kilichotolewa kinaandikwa. Chai ikishauzwa, hati ya kuitoa inaingia kwenye programu, na kifaa kinamwonyesha kijana aende safu gani, rafu gani, atoe magunia mangapi. Akipiga msimbo wa mzigo usio wenyewe, kifaa kinakataa.

Kukataa huko ndiko kwenye thamani. Magunia ya PF1 ya kiwanda kimoja, ya wiki mbili tofauti, yanafanana kwa macho kama mapacha. Lakini mnunuzi ameonja moja na kulilipia bei yake. Ukimpelekea pacha wake, mtu wa Karachi anapokea chai asiyoionja, na Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai yetu. Jina la ghala lako likishaharibika huko, kulitengeneza ni kazi ya miaka.

Mguu wa mpagazi

Ghala lisilopangwa linakula miguu ya watu. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme unga unaotoka mara 40 kwa siku umewekwa mita 60 kutoka mlangoni kwa sababu siku ulipofika ndipo palipokuwa na nafasi. Kwenda na kurudi ni mita 120, mara 40 ni mita 4,800. Uhamishie unga huohuo mita 15 kutoka mlangoni, safari zote za siku zinakuwa mita 1,200. Umeokoa kilomita 3.6 za mwendo kila siku kwa bidhaa moja, katika jua la Mombasa la Februari.

Programu inafanya hesabu hiyo kwa bidhaa zote. Inaona zipi zinatoka kila siku, zipi mara moja kwa mwezi, na inapendekeza zipi zikae karibu na mlango.

Jambo jingine ni zamu ya kutoka. Kwa saruji au mchele, kanuni huwa kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kwa dawa, maziwa ya unga au juisi, kinachotangulia ni kile ambacho tarehe yake ya kuharibika iko karibu, hata kama kiliingia jana. Daftari linaweza kukuambia una katoni 300 za maziwa. Halikuambii upesi kwamba 80 kati yake zinaharibika mwezi ujao na zimefichwa nyuma ya zile mpya.

Ramadhani haifuati Januari

Hapa nataka wafanyabiashara wenzangu wa pwani wasikilize vizuri. Programu nyingi hutabiri mauzo kwa kutazama mwaka uliopita: mwezi Machi uliuza kiasi hiki, basi Machi ijayo agiza kiasi hiki. Kwa sabuni na mafuta ya kupikia inafaa. Kwa tende, tambi na vitambaa vya kanzu, inakupoteza.

Mwaka wa Kiislamu una siku kama 354, kwa hivyo Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2025 iliingia mwanzo wa Machi. Mwaka 2026 ikaingia katikati ya Februari na kuendelea. Mwaka 2030 zitakuwa Ramadhani mbili katika mwaka mmoja wa kizungu, moja ikianza Januari na nyingine mwisho wa Desemba. Programu isiyoambiwa haya itakuletea kontena la tende watu wakiwa wanasherehekea Idi.

Dawa yake ipo na si ngumu. Mwambie fundi anayekuwekea programu aingize miezi ya Hijria kama misimu, na mauzo ya tende yalinganishwe Shaabani kwa Shaabani, si Machi kwa Machi. Fundi aliyetoka mbali huenda asilijue hilo, na hana lawama. Ni juu yako kumwambia.

Wakubwa walivyoanguka

Usidhani pesa nyingi zinatosha. Mwaka 1999 kampuni ya Hershey ya Marekani, watengenezaji wa chokoleti, ilifunga programu mpya ya SAP pamoja na nyingine mbili kwa gharama ya dola milioni 112. Mafundi walikuwa wamependekeza miezi 48. Kampuni ikataka miezi 30. Programu ikaanza kazi mwezi Julai, wakati oda za Halloween zinamiminika. Halloween ni 31 Oktoba, siku watoto wa huko hupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende. Oda za takriban dola milioni 100 hazikufika madukani, na peremende zenyewe zilikuwepo.

Sababu mojawapo iliyotajwa itakuchekesha ikiwa unajua maghala yetu. Msimu ukikaribia, wafanyakazi walizoea kurundika mizigo popote penye nafasi, na sehemu hizo hazikuwa zimeandikwa kwenye programu. Kwa kompyuta, mzigo uliokuwa kwenye kona isiyo na anwani haukuwepo duniani.

Target, duka kubwa la Marekani, nalo liliingia Canada mwaka 2013. Likafikia maduka 133, na Januari 2015 likatangaza kufunga yote. Zaidi ya watu 17,000 wakapoteza kazi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja kubwa ilikuwa taarifa mbovu ndani ya programu: vipimo vya bidhaa viliingizwa kwa haraka, inchi mahali pa sentimita, urefu mahali pa upana. Maghala yakafurika huku rafu za madukani zikiwa tupu.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, usibadilishe mfumo karibu na msimu. Kwa mwenye duka la nguo Biashara Street, usianze Shaabani. Anza baada ya Idi, mauzo yakitulia. Pili, hesabu ya kwanza ndiyo msingi. Funga ghala siku mbili, toa kila kitu, hesabu kwa watu wawili wasiooneana karatasi, kisha ndiyo uandike. Wanaoona siku mbili za kufunga ni hasara watalipa miezi.

Nenosiri moja, watu wanane

Nilisema programu inamlinda kibarua. Sasa nieleze vipi, maana hapa ndipo panaponiuma.

Maghala mengi yana desturi mbaya: mzigo ukipungua, mshahara wa karani unakatwa. Hakuna uchunguzi. Magunia 10 ya sukari hayaonekani, basi aliyeshika ufunguo amekula. Labda hayakufika tangu mwanzo. Labda msimamizi aliyatoa usiku kwa simu ya tajiri mwenyewe. Karani hana la kujitetea isipokuwa kuapa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haisemi hivyo. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Si kwa kila pengo la hesabu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Lakini haki bila ushahidi ni nzito kuidai.

Programu inaandika kila tendo: nani, saa ngapi, mzigo gani, kutoka wapi kwenda wapi. Magunia 10 yakipotea, unarudi nyuma hatua kwa hatua. Ikiwa kwenye kupokea yaliandikwa 390 na hati ya lori inasema 400, basi pengo liko barabarani, na karani yuko salama.

Haya yote yanavunjika kwa jambo moja dogo: nenosiri moja linalotumiwa na watu wanane. Nimeona ghala ambalo nenosiri limeandikwa kwa kalamu ubavuni mwa kompyuta. Hapo shahidi ameshazibwa mdomo, kwa sababu kila tendo lina jina la mtu mmoja. Kijana wangu unayefanya kazi ghalani, usimpe mtu nenosiri lako, hata msimamizi, hata kwa dakika tano. Na wewe tajiri, mpe kila mmoja lake, ukilianzia lako mwenyewe. Anayeogopa jina lake liandikwe kwenye ghala lake mwenyewe, ajiulize kwa nini.

Zaka kwa hesabu iliyo wazi

Wengi wetu tunatoa zaka ya biashara kwa kukisia. Unatazama duka, unasema "hapa hapakosi milioni mbili", unatoa, unamwachia Mungu. Lakini zaka ya mali ya biashara ina hesabu yake: mwaka wa Hijria ukitimia na mali ikafika nisabu, bidhaa zinathaminiwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, na kinatoka asilimia 2.5. Rafu, mizani na foklifti hazimo, kwa sababu hazikuwekwa kuuzwa.

Programu nzuri ya ghala inaweza kukupa stoki ya siku yoyote utakayoitaja, hata iliyopita. Ukiiambia ikupe hali ya mwezi 1 Ramadhani, inakupa. Angalia tu isikupe thamani kwa bei ya kununulia, kwa sababu ndivyo programu nyingi zilivyowekwa kwa ajili ya wahasibu. Badilisha bei, kisha piga hesabu. Mambo ya madeni uliyonayo na unayodai, muulize sheikh wako. Hayo kompyuta haiyajui.

Mdogo aanzie wapi?

SAP si ya kila mtu, na mwenye stoo moja Kongowea haihitaji. Zipo programu zenye toleo lisilolipiwa leseni, kama Odoo iliyotoka Ubelgiji na ERPNext iliyotoka India. Leseni kuwa bure haina maana kazi ni bure: utamlipa fundi wa kuiweka, utanunua vifaa, utawalipa watu muda wa kujifunza. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya haya.

Zipe nafasi zote ghalani anwani, uziandike kwa rangi ukutani, hata kona na ngazini. Hili halihitaji kompyuta, na ghala lenye anwani peke yake linapunguza kutafuta.

Kipe kila bidhaa jina moja. Kama mchele mmoja unaitwa "pishori", "mwea" na "ule wa kilo 25" kwenye karatasi tatu, kompyuta itahesabu bidhaa tatu.

Hesabu kidogo kila siku badala ya kungoja mwisho wa mwaka. Rafu tano leo, tano kesho. Kosa la wiki iliyopita bado lina mashahidi. La mwaka jana halina.

Uliza stima ikipotea inakuwaje. Kifaa kizuri huhifadhi kazi ndani yake na kuipeleka umeme na mtandao ukirudi. Uliza pia kama nakala ya kumbukumbu inawekwa mahali pengine kila siku, na kama siku ukiachana na muuzaji utaondoka na taarifa zako.

Na uliza kama inaungana na eTIMS ya KRA. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa zilizosamehewa kisheria. Programu isiyoungana itakufanya uandike kila kitu mara mbili.

Kazi zitakwenda kwa nani?

Narudi kwa wale wapagazi wenye wasiwasi. Sitawadanganya: ghala lililopangwa linahitaji watu wachache wa kutafuta na kuhesabu upya. Lakini linahitaji watu wa kupokea, kupanga, kupiga msimbo, kukagua tofauti na kuendesha foklifti, na kazi hizo zina mshahara wa mwezi mara nyingi kuliko kibarua cha siku.

Pwani tumepigania sana shehena. Mizigo ilipoelekezwa kwa reli ya SGR hadi Nairobi, maghala na yadi za makontena hapa zikakauka, na watu wakaandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto akatangaza kurudisha shughuli za bandari Mombasa. Vizuri. Lakini mzigo ukirudi kwenye ghala la kompyuta, na mtoto wa Likoni au Mtongwe hajui kushika kifaa, ataajiriwa anayejua, na sisi tutabaki kulalamika pale pale getini.

Mafunzo haya si ya miaka minne. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayejua hesabu na asiye na uvivu wa kuandika, anaweza kufundishwa kazi za msingi za kifaa kwa muda mfupi. Anayetaka kupanda kuwa msimamizi, vyuo vya ufundi katika kaunti zetu sita vinafundisha ugavi na uhifadhi wa bidhaa. Programu zisizolipiwa leseni nilizotaja zinaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya darasa, watoto wakajifunza kwa stoki ya kubuni. Mwalimu na kamati ya msikiti wakikaa pamoja, ukumbi wa madrasa jioni unatosha.

Na wenye maghala, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaleta mtu kutoka mbali kuja kuendesha kifaa, mwangalieni yule kuli aliyekaa nanyi miaka 15. Kompyuta haijui kwamba gunia lenye doa chini limelowa, wala kwamba dereva fulani hupakia magunia mabovu katikati. Yeye anajua. Mpeni kifaa, mpeni nenosiri lake, mumfundishe. Mtakuwa na shahidi anayeandika na shahidi anayeona, wote ndani ya ghala moja.

Wabillahi tawfiq.